Sikio Lilitangulia: Safari ya Maikrofoni hadi Ulemo

Mwananchi wa Ulemo, katika Wilaya ya Iramba mkoani Singida, alianza kuisikia dunia miaka mingi kabla dunia haijaanza kumsikia yeye. Redio ilipoingia katika nchi hii ya alizeti na mtama, ilikuja na spika peke yake. Maikrofoni ilibaki Nairobi, Dar es Salaam na London. Mwenye redio alipata taarifa ya habari, hotuba, mpira na muziki wa dansi, lakini hakuwa na pa kujibia. Siasa ilichangia, ndiyo, ila sababu nyingine ilikuwa kifaa chenyewe. Kwa miongo mingi spika ya kuridhisha iliweza kuuzwa kwa bei ya mkulima. Maikrofoni yenye sauti safi haikuweza. Kwa hiyo ukiitazama historia ya maikrofoni kutoka Iramba, swali la kwanza si nani aliivumbua. Swali ni lini ilipungua bei na ukubwa kiasi cha kumfikia mtu wa kijijini.

Kwa ufundi, vifaa hivi viwili ni ndugu wa damu. Spika hugeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa, maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Fundi redio aliyewahi kuunganisha spika ndogo upande wa kuingizia sauti wa amplifaya anajua kwamba ukiongea mbele yake inanasa, japo kwa unyonge. Undugu huu tutaukuta tena, maana ndio uliozaa maikrofoni iliyofika Ulemo.

Sauti za watu wa nchi hii zilinaswa kwanza bila maikrofoni. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa koloni, Lindi na nyanda za Wamakonde, akiwa na fonografu. Mwimbaji alisogea kwenye pembe, sauti yake ikatikisa utando mwembamba, na sindano ikachora mtikisiko huo kwenye silinda ya nta. Hakuna umeme hapo. Nguvu yote ya kuchora ilitoka kwenye mapafu ya mwimbaji, ndiyo maana sauti ya upole ilipotea, na nta nayo haikupatana na joto letu.

Wakati huo maikrofoni ilikwisha kuwepo, lakini ilikuwa mali ya simu. Emile Berliner na Thomas Edison waliishughulikia Marekani kuanzia 1877, na David Edward Hughes akaionyesha yake London mwaka 1878. Maikrofoni ya simu ikaja kutegemea tabia moja ya kaboni: ikibanwa hupitisha umeme vizuri zaidi, ikiachiwa hupitisha kidogo. Sauti ikaibana na kuiachia, na umeme ukacheza kwa kuifuata. Mpango huo ulidumu ndani ya mikono ya simu kwa takribani karne nzima. Waliofanya kazi kwenye ofisi za serikali enzi za simu za mezani wanakumbuka mkono wa simu ulivyogongwa mezani mtu alipoanza kusikika kwa mbali. Kulikuwa na sababu: chembe za kaboni hushikamana, na kuzigonga huzitawanya. Lakini kwa wimbo kaboni haikufaa, kwa kuwa ilikwaruza na kukata sauti za juu na za chini.

Usafi ulikuja na E. C. Wente wa Western Electric, aliyebuni mwaka 1916 maikrofoni ya kondensa: utando mwembamba wa chuma umewekwa mbele ya bamba lisilotikisika, baina yao pengo dogo lenye chaji ya umeme. Utando ukitikisika, pengo hubadilika na umeme hufuata. Kufikia 1925 kampuni kubwa za sahani za santuri zilikuwa zimeanza kurekodi kwa umeme. Miaka 3 baadaye, 1928, Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Safari hiyo husimuliwa kama ushindi wa taarabu, na ni haki yake. Mimi naiona pia kama kipimo cha mitambo ya zama zile. Vifaa vilikuwa vizito, vinahitaji umeme wa uhakika na mafundi wa kuvitunza, basi mwimbaji ndiye aliyepanda meli kuvifuata.

Bara, hasa katikati ya nchi, hapakuwa na meli ya kupanda. Katika miaka ya 1930 mtafiti Ludwig Kohl-Larsen alikusanya hadithi za Waisanzu, majirani wa Wanyiramba wa Iramba, na za makabila mengine ya kuelekea ziwa Eyasi. Zikachapishwa kwa Kijerumani miongo kadhaa baadaye. Hadithi zimo vitabuni na tunashukuru. Lakini msimulizi wa Kinyiramba au Kinyisanzu hasimulii kwa maneno matupu. Huimba katikati, huigiza sauti ya fisi, hungoja wasikilizaji waitikie. Hayo karatasi haiyashiki.

Maikrofoni za studio ziliendelea kuboreka. Mwaka 1924 Walter Schottky na Erwin Gerlach, Ujerumani, walibuni aina ya utepe, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Harry Olson wa RCA akaifanya kuwa kipenzi cha watangazaji. Ndani yake mna utepe wa aluminiamu mwembamba kupita karatasi, umening'inia kati ya ncha za sumaku. Sauti yake ni tamu, lakini upepo mmoja wa kiangazi cha Singida ungeuharibu. Iliyofaa kutoka nje ni ile ya koili inayotembea, ambayo Wente na Albert Thuras waliitoa mwaka 1931. Humo utando husukuma koili ndogo ndani ya sumaku, haihitaji chaji ya nje, na huvumilia kudondoka. Shure SM58 ya mwaka 1966, ile yenye kichwa cha mviringo cha wavu wa chuma, ni ya ukoo huo. Ukihudhuria ibada, harusi au mkutano wa hadhara popote Tanzania, maiki utakayopewa mara nyingi ni hiyo au mwigo wake.

Mkusanyaji wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alipopita Tanganyika mwaka 1950, hatimaye chombo kilimfuata mpigaji. Alisafiri na gari lililobeba mashine ya kurekodi na jenereta. Jenereta iliwekwa mbali ili muungurumo wake usisikike, na waya mrefu ukavutwa hadi uwanjani. Maiki aliishika mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa ala, kisha kwa waitikiaji. Kwa ala kama ilimba ya Wagogo, majirani zetu wa mashariki, ukaribu huo ulikuwa wa lazima. Sanduku la ilimba lina tundu lililozibwa na utando unaotoka kwenye kifuko cha mayai ya buibui, na utando huo ndio unaotia ule mvumo mwembamba juu ya sauti ya vyuma. Mafundi wa ilimba walijua kazi ya utando mwembamba unaotikisika bila kusoma Western Electric. Maiki ikiwekwa hatua 10 mbali, mvumo huo hupotea na ala inasikika kama nyingine kabisa.

Mwaka 1951 utangazaji ulianza Dar es Salaam, na mwaka huohuo Sauti ya Unguja ikaanza Zanzibar. Tarehe 1 Julai 1965 shirika la utangazaji la bara likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Transista zilikwisha kuifanya redio iwe ya betri na ya kubebeka, na kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kikaleta mawe ya redio hadi madukani kwetu. Spika zikaenea. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi takribani 75,000, kila kikundi kikizunguka redio, kikisikiliza, kikijadili, kisha kikitoka kuchimba vyoo. Sijui kampeni nyingine ya redio barani iliyonigusa kama hii. Hata hivyo majadiliano yale, ambayo yangekuwa hazina kwa mwanahistoria wa leo, yaliishia chini ya mti au darasani yalikofanyika. Mtu wa Iramba aliyetaka kusikika alijaza kadi ya salamu, akaituma kwa posta, akangoja mtangazaji amsomee. Jina lilifika hewani, sauti yake ikabaki nyumbani.

Mageuzi yalianzia kwenye spika za masikioni. Mwaka 1957 James West, kijana Mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, alikuwa mwanafunzi wa mazoezi katika Bell Labs, New Jersey. Utotoni alishikwa na umeme akijaribu kuchomeka redio kwenye tundu la taa ya dari, na badala ya kuuogopa akataka kuuelewa. Kazi aliyopewa ilikuwa kutengeneza spika za masikioni za majaribio ya usikivu, za aina ya kondensa, zenye filamu ya plastiki na zilizolishwa volti zipatazo 500. Baada ya muda zikaanza kufifia. Katika kutafuta ubovu West alichomoa chanzo cha umeme na kukuta kifaa kinaendelea kutoa sauti. Plastiki ilikuwa imemeza chaji na kuishikilia.

Nyenzo ya namna hiyo, iitwayo elektreti, ilikwisha kujulikana. Mototaro Eguchi wa Japani alikuwa ametengeneza elektreti za nta karibu miaka 40 kabla. West akashirikiana na Mjerumani Gerhard Sessler, aliyezaliwa mwaka uleule na mwezi uleule wa Februari, wakapindua kifaa: badala ya kutoa sauti, kikainasa. Walikitangaza mwaka 1962 na kupata hataza mwaka 1964. Hebu pima maana yake. Kondensa ya studio ilihitaji makumi, pengine mamia, ya volti ili tu pengo lake liwe na chaji. Elektreti huzaliwa na chaji yake ndani ya filamu ya Tefloni na kuitunza kwa miaka mingi. Kilichobaki kuhitaji umeme ni transista moja ndogo, na kwa hiyo jiwe la redio linatosha.

Sony ilianza kuziuza mwaka 1968, na baada ya hapo elektreti ikaingia kwenye redio kaseti. Mwombe fundi akufungulie redio kaseti ya zamani uitazame. Kwenye kona ya mbele, nyuma ya vitundu vichache, pamebanwa kikopo cha rangi ya fedha chenye upana wa milimita 10 hivi, kimevikwa raba ili kisisikie mkwaruzo wa mota. Usoni kina kitambaa cheusi cha kuzuia vumbi. Mgongoni kina nukta mbili za risasi, moja imeungana na ganda lenyewe, na waya mbili nyembamba kama nywele. Fundi hukijaribu kwa kukipulizia: kikiwa hai, spika inavuma.

Kwa kikopo hicho kwaya ya Kilutheri ya kijijini iliweza kujirekodi jioni ya mazoezi, bila studio wala ruhusa ya mtu. Ngoma ya harusi, mawaidha ya mzee, barua ya mdomo kwa kijana aliyekwenda kutafuta maisha mjini, vyote vikaingia kwenye kaseti. Vitufe viwili vikibonyezwa pamoja, sauti ya Kinyiramba ikawa imenaswa na Mnyiramba mwenyewe. Wanaoandika historia ya utangazaji Afrika Mashariki huruka kutoka redio ya taifa hadi redio binafsi za miaka ya 1990. Kwa maoni yangu wanaruka jambo kubwa, kwa sababu kaseti ya nyumbani ndiyo iliyovunja kwanza ukiritimba wa maikrofoni.

Hatua iliyofuata ilitokana na joto la tanuri. Viwanda vya simu hubandika vipande kwenye bodi kwa kuipitisha bodi nzima kwenye tanuri la nyuzi zipatazo 260, na elektreti ya kawaida ikipita humo hupoteza chaji yake. Sessler, akiwa amerudi Ujerumani, alionyesha na Dietmar Hohm mwaka 1983 maikrofoni iliyochongwa kwenye silikoni. Mwaka 2003 Knowles, kampuni iliyokuwa imejijengea jina kwa vifaa vidogo vya mashine za usikivu, ilianza kuiuza ya kwake, na silikoni haikuogopa tanuri. Utando wake una unene wa mikroni moja hivi. Kile kitundu kilicho chini ya simu, ambacho vumbi la Singida hukiziba na watu wakadhani simu imekufa, ndicho mlango wake. Simu nyingi zina zaidi ya kimoja: kimoja humsikiliza msemaji, kingine husikiliza kelele za nje ili zipunguzwe. Mwenye kurekodi ngoma azingatie hilo, maana simu inaweza kuihesabu ngoma kuwa kelele na kuifuta. Programu ya kurekodi inayoruhusu kuzima usafishaji huo hufaa zaidi.

Kwa hiyo leo Ulemo haina upungufu wa maikrofoni. Kinachokosekana ni kile Tracey alichokifanya kwa kila rekodi: kadi yenye mahali, tarehe, jina la mpigaji, lugha, aina ya wimbo na ala. Kadi zile ndizo zinazowawezesha watafiti hata sasa kutambua rekodi za maktaba yake ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Rekodi zetu za simu zinaitwa kwa namba ambazo simu yenyewe imezibuni, zinakaa kwenye kadi ya kumbukumbu hadi ijae, kisha zinafutwa ili picha zipate nafasi. Anayemrekodi bibi yake akisimulia kwa Kinyiramba, kabla bibi hajaanza, na aseme yeye mwenyewe kwenye maiki: hapa ni kijiji fulani, kata ya Ulemo, tarehe fulani, anayesimulia ni fulani binti fulani, hadithi aliipokea kwa nani. Ni sekunde 15. Kisha faili lihamishwe kwenye kompyuta ya shule au ya kanisa siku hiyohiyo, kabla simu haijabadilisha mwenyewe.