Matini ya Elisabethville na Suala la Vyanzo vya Uhakiki: Mtazamo kutoka Himbi, Goma

Himbi ni mtaa ulioko kando ya Ziwa Kivu, katika komini ya Goma. Kiswahili ndiyo lugha ya maongezi ya kila siku mjini humo, na Katiba ya mwaka 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Mwanafunzi wa fasihi mtaani humo hukumbana na tatizo la vyanzo. Vitabu vingi vya uhakiki wa Kiswahili vimechapwa Dar es Salaam na Nairobi, navyo huchambua zaidi kazi za pwani, Tanzania na Kenya. Akivitegemea hivyo peke yake, aweza kuhitimisha kwamba Kiswahili cha Kongo hakina maandishi. Hitimisho hilo si sahihi.

Mwaka 1965, mjini Elisabethville (Lubumbashi tangu 1966), André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maandishi yalipigwa taipu kwa Kiswahili cha Shaba, yakapewa jina la Kifaransa: *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Licha ya jina hilo, kazi hiyo si msamiati. Ni masimulizi ya ukoloni kwa macho ya watumishi. Atafutaye vyanzo kwa kusoma majina ya vitabu tu angeipita na kuiweka kando pamoja na kamusi.

Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliichapisha matini hiyo pamoja na tafsiri ya Kiingereza na ufafanuzi. Walter Schicho aliongeza maelezo ya kiisimu. Kazi haikuwa rahisi. Tahajia haikufuata kanuni za Kiswahili sanifu, na mipaka ya maneno na ya sentensi haikuwa wazi. Ilibidi matini isomwe kwa sauti ndipo maana ijitokeze. Sikio likawa chombo cha uhakiki sawa na jicho.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, matini asilia itangulie tafsiri: tafsiri ni uamuzi wa mfasiri, nao wahitaji kupimwa. Pili, tahajia isiyo sanifu isisahihishwe kimyakimya, kwani ni sehemu ya ushahidi. Tatu, chanzo kielezwe kikamilifu: nani alikitunga, kwa ajili ya nani, lini, na nakala ipi iliyotumika.

Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee Goma. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Karatasi huteketea, na wasimulizi hufariki. Mhakiki anayenukuu masimulizi ya Himbi bila kutaja mahali, tarehe na mazingira ya usimulizi huwaachia wenzake dai wasiloweza kulipima. Anayeyataja huwaachia chanzo.