Viza ya matembezi (Tanzania)

Viza ya matembezi, ambayo katika taratibu za Idara ya Uhamiaji huitwa viza ya kawaida, ni ruhusa anayopewa mgeni kuingia Tanzania kwa muda usiozidi siku 90 kwa ajili ya utalii, mapumziko au kuwatembelea ndugu na marafiki. Katika aina za viza zinazotolewa nchini hakuna viza ya mpenzi wala ya mchumba. Kwa hiyo mgeni anayekuja kumwona mwenzi wake ambaye bado hawajafunga ndoa huingia kwa mlango uleule wa mtalii anayekwenda Serengeti. Mtanzania anayekwenda kumwona mwenzi wake Ulaya naye hupita mlango wa namna hiyo, ila kwake ni mwembamba zaidi.

Makala hii inaeleza hasa matumizi ya viza hiyo kwa wenzi wa nchi tofauti, kwa kutazama pwani ya Bagamoyo.

Historia

Kabla ya pasipoti, muda wa mgeni kukaa pwani uliamuliwa na upepo. Majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Uhindi yalishuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, yakarudi na kusi kuanzia Aprili. Mabaharia na wafanyabiashara walingoja bandarini miezi kadhaa. Baadhi yao walioa na kuwa na familia pande mbili za bahari. Muda huo haukutofautiana sana na siku 90 za leo, ingawa hakukuwa na afisa wa kugonga muhuri.

Mipaka ya dola ilileta shida mpya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari 1977, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Familia zilizokuwa na mume upande mmoja na mke upande wa pili zilipata taabu kubwa. Leo hali ni kinyume: Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamwezesha raia wa nchi mwanachama kuingia bila viza na kupewa pasi ya kukaa hadi miezi 6. Mchumba anayetoka Mombasa au Kampala hana haja ya kuhesabu siku 90.

Masharti ya kuingia

Tangu Novemba 2018 maombi hufanywa kwa njia ya mtandao, ingawa viza hutolewa pia kwenye viwanja vikubwa vya ndege na baadhi ya vituo vya mpakani. Ada ya viza ya kuingia mara moja ni dola 50 za Marekani. Raia wa Marekani hulipa dola 100 na kupewa viza ya kuingia mara nyingi kwa muda wa mwaka mmoja, lakini kila safari haizidi siku 90. Raia wa baadhi ya nchi huombewa kibali kwanza kabla ya kupewa viza. Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hudai pia bima ya safari ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar.

Kuwa na viza si sawa na kuingia. Afisa wa mpakani ndiye mwenye uamuzi wa mwisho, na anaweza kuuliza mgeni atakaa wapi, kwa nani na ataondoka lini. Hakuna kosa kusema kwamba umekuja kumwona mpenzi, maana kutembelea watu ni lengo halali la viza hii. Kosa ni kuficha, halafu majibu ya mgeni na ya mwenyeji wake yakatofautiana.

Wapo wanaovuka mpaka siku ya 89 na kurudi kesho yake wakiwa na viza mpya. Hakuna anayeahidiwa kwamba ataruhusiwa tena. Mtu mwenye mihuri mingi ya namna hiyo huonekana mkaazi asiye na kibali.

Pwani ya Bagamoyo

Kata ya Zinga iko katika Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam. Wageni wa eneo hili si watalii wa siku mbili tu. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na sasa kuitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), huvuta wanafunzi wa ngoma na muziki kutoka nje. Shule na vituo vya watoto huleta watu wa kujitolea. Uhusiano mwingi huanzia hapo, kisha mgeni hurudi mwaka unaofuata kama mtalii.

Mambo mawili huwaponza wageni wa aina hii. La kwanza ni kazi. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inadai kibali cha kazi, na kujitolea hakumwondolei mtu sharti la kuwa na kibali. Mgeni anayefundisha asubuhi kwenye shule ya chekechea au kusimamia nyumba ya wageni ya mwenzi wake yumo hatarini, hata kama halipwi. Amri ya Julai 2025 iliwakataza pia wageni kufanya biashara kadhaa ndogo, zikiwemo huduma za fedha kwa simu, ufundi wa simu, kuongoza watalii na saluni, isipokuwa saluni zilizomo hotelini au za shughuli za utalii. Hizo ndizo biashara ambazo wenzi hufikiria kufungua kwanza.

La pili ni ardhi, na hapa hasara huwa kubwa zaidi. Kwa mujibu wa kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi ila kwa uwekezaji chini ya utaratibu maalumu. Basi kiwanja kinaponunuliwa Zinga, Kerege au Mapinga kwa fedha iliyotumwa kutoka nje, jina kwenye hati ya mauziano ni la Mtanzania peke yake. Nyumba huinuka juu ya kiwanja hicho. Uhusiano ukivunjika, mwenzi mgeni hana cha kuonyesha ila risiti za saruji na mabati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, huwadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana hivyo, na mahakama inaweza kuwapa nafuu zinazofanana na za talaka. Lakini kwa mtu anayekuja siku 90 na kuondoka, kuthibitisha miaka 2 ya kuishi pamoja si kazi rahisi. Upande wa pili nao una mashaka yake: Mtanzania aliyeachiwa nyumba nusu na ahadi ya kurudi hana wa kumdai.

Ni desturi kumjulisha mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa kwamba nyumbani kuna mgeni. Katika familia nyingi za pwani mgeni hukaribishwa kwa heshima, lakini haendi kulala chumba kimoja na binti wa nyumba hiyo kabla ya wazee kuzungumza.

Kufunga ndoa

Mgeni mwenye viza ya matembezi anaweza kufunga ndoa Tanzania Bara. Sheria ya Ndoa inadai taarifa ya kusudio itolewe angalau siku 21 kabla. Msajili Mkuu anaweza kuondoa sharti hilo kwa leseni maalumu. Mwenye likizo ya wiki mbili hujikuta amechelewa kabla hajashuka kwenye ndege, isipokuwa taarifa imetangulia. Mgeni hutakiwa pia kuleta uthibitisho kutoka kwao kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Zanzibar ina taratibu zake, kwani sheria ya mwaka 1971 haihusu visiwa.

Ndoa haibadilishi viza yenyewe. Baada yake mwenzi huomba pasi ya mtegemezi au kibali cha ukaazi, na bila kibali cha kazi hana ruhusa ya kufanya kazi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa ajili ya ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Anafuata utaratibu wa kawaida wa kuandikishwa, kama mgeni mwingine yeyote. Tofauti hii haina sababu inayoridhisha, na ndiyo inayowafanya baadhi ya wanawake wa Kitanzania waondoke wao badala ya mume kuja.

Mtanzania anapokwenda nje

Viza ya Schengen inaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada yake ni euro 90, na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000 ni lazima. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Kwa Ujerumani, mwenyeji anaweza kutia saini tamko mbele ya ofisi ya wageni ya kwao kwamba atabeba gharama zote, pamoja na za kumrudisha mgeni.

Swali gumu si fedha bali nia ya kurudi. Sheria ya Marekani, kifungu cha 214(b), humchukulia kila mwombaji kuwa mhamiaji hadi athibitishe vinginevyo. Kijana asiye na ajira rasmi wala mali yenye hati hupata shida kuonyesha kilichomfunga nyumbani, na mpenzi anayemngoja ng'ambo huhesabiwa kuwa sababu ya kutorudi. Barua ya mwaliko iliyojaa maneno ya mapenzi huweza kumdhuru kuliko kumsaidia. Barua ya mwajiri, hati ya shamba, leseni ya biashara au cheti cha mtoto anayebaki nyumbani hutazamwa zaidi. Anayekataliwa na nchi ya Schengen hupewa fomu yenye sababu, na ana haki ya kukata rufaa.

Kwa wanaokusudia kuoana zipo njia nyingine. Marekani ina viza ya K-1 ya mchumba, inayotaka ndoa ifungwe ndani ya siku 90. Uingereza ina viza ya kwenda kufunga ndoa na kuondoka kabla ya miezi 6 kuisha. Kuishi huko na mwenzi ni ombi jingine, ambalo tangu Aprili 2024 linadai kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Ujerumani kwa kawaida humtaka mwenzi aonyeshe Kijerumani cha ngazi ya A1, ndiyo maana katika madarasa ya Goethe-Institut jijini Dar es Salaam wamo waliokwisha kuolewa au kuoa. Oman kwa miaka mingi ilidai kibali cha serikali kabla ya raia wake kuoana na mgeni. Sharti hilo lililegezwa kwa amri ya kifalme ya mwaka 2023.

Mwaka 2020

Mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19, nchi nyingi ziliwaruhusu wanandoa kuonana lakini zikawahesabu wapenzi kuwa watalii. Kampeni iliyodai kwamba mapenzi si utalii ilienea Ulaya, na baadhi ya nchi, zikiwemo Denmark na Ujerumani, zikafungua mlango kwa wenzi wasio na ndoa walioweza kuthibitisha uhusiano wao. Tanzania ilikuwa imefungua anga lake tangu tarehe 18 Mei 2020 bila karantini ya lazima, hivyo kwa wenzi wengine njia rahisi ya kuonana ilikuwa mgeni kuja huku kwa viza ya matembezi.