Karanga, Ngozi na Vumbi la Nyumbani

Mzio wa karanga ulipozidi kuonekana kwa watoto wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 20, lawama zote ziliangukia chakula. Mwaka 1998 serikali ilishauri familia zenye historia ya pumu, ukurutu au mzio wasiwape watoto karanga kabla ya miaka 3. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa ushauri kama huo mwaka 2000. Mzio haukupungua.

Mwaka 2003 Gideon Lack na wenzake, waliofuatilia watoto wa eneo la Avon, walieleza kuwa wengi wa wenye mzio huo walipakwa utotoni krimu zenye mafuta ya karanga. Alichokula mama akiwa mjamzito hakikuwa na uhusiano wowote. Miaka 3 baadaye watafiti wa Dundee walionyesha kuwa hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha ngozi, huchangia ukurutu. Mwaka 2008 Lack akaunganisha mambo hayo: chakula kikipenya kwenye ngozi iliyochubuka, mwili hukiona kuwa adui; kikipita mdomoni mapema, huzoea.

Hapo ndipo kasoro ya ushauri wa zamani ilipojitokeza. Karanga zilikatazwa kinywani mwa mtoto, lakini hazikutoka sebuleni. Watu wazima waliendelea kuzila kwenye kochi, wakamshika mtoto kwa mikono ileile. Mtafiti Helen Brough alipopima vumbi la nyumba zilikoliwa karanga, alikuta protini ya karanga kitandani na kwenye viti, ikiwa bado na nguvu ya kuamsha mzio, na usafi wa kawaida haukuiondoa yote. Mwaka 2014 ikabainika kuwa vumbi hilo liliongeza hatari kwa watoto wenye hitilafu ya filagrini, si kwa wenzao.

Japani ilipata ushahidi wake wa njia ya ngozi kwa namna ya ajabu: sabuni ya uso yenye protini ya ngano iliwasababishia mzio wa ngano watu zaidi ya 2,000, wengi wao wanawake waliokuwa wakila mkate miaka yote bila shida.

Kuhusu njia ya mdomo, jaribio la LEAP la mwaka 2015, la kuwalisha watoto karanga mapema, lilihusisha watoto wachanga 640. Walipofikisha miaka 5, mzio ulikuwa asilimia 17.2 kwa walioepushwa karanga na 3.2 kwa waliolishwa. Kulinda ngozi kumekuwa kugumu zaidi: jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2020, la kuwapaka watoto krimu ya kulainisha ngozi kila siku katika mwaka wao wa kwanza, halikuzuia ukurutu.