Mama Mmoja, Madume Wengi: Nasaba za Uzazi katika Historia ya Uwele Chotara nchini India, 1965–2005

Kabla ya mwaka 1965, kikwazo kikuu cha kuzalisha mbegu chotara za uwele kilikuwa ua lenyewe. Suke moja hubeba maua mengi madogo mno, na kuyahasi kwa mkono kwa ajili ya mbegu ya kibiashara hakuwezekani. Wataalamu wa India walijaribu kutumia tabia ya stigma kutokeza kabla ya chavua, lakini mbegu iliyopatikana ilikuwa chotara kwa sehemu tu.

Ufumbuzi ulitoka Tifton, Georgia, nchini Marekani, alikofanyia kazi Glenn Burton. Nasaba yake, Tift 23A, ilikuwa tasa kiume: haikutoa chavua hai. Utasa huo ulirithiwa kwa upande wa mama, kupitia saitoplazimu. Nasaba pacha, Tift 23B, iliudumisha, na dume lenye jeni rejeshi liliwezesha chotara kutoa nafaka. Mwaka 1965, kutokana na kazi ya Dilbagh Singh Athwal huko Ludhiana, Punjab, iliidhinishwa HB 1. Zilizofuata, kama vile HB 3 na HB 4, zilibadilisha dume. Mama alibaki yule yule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ubwiri vinyoya uliyashambulia mashamba ya chotara hizo. Katika ugonjwa huu suke hugeuka kuwa kichaka cha majani, na mbegu za vimelea hubaki udongoni zikisubiri msimu mwingine. Lawama iliielekea saitoplazimu. Dhana hiyo ilieleweka, kwa kuwa mwaka 1970 mahindi ya Marekani yenye saitoplazimu moja yalikuwa yameangamizwa na ugonjwa wa majani. Hata hivyo, kwa uwele mlinganisho huo haukusimama. Majaribio ya baadaye yaliyolinganisha nasaba tasa na pacha zake yalionesha kuwa saitoplazimu haikuongeza udhaifu. Udhaifu ulikuwa katika jeni za kiini cha seli. Kosa, basi, halikuwa utasa wenyewe bali kumtegemea mama mmoja asiye na kinga katika eneo pana.

Marekebisho ya kwanza hayakuikubali hoja hiyo kikamilifu. Huko Delhi ikapatikana 5141A yenye kinga zaidi. Dume la HB 3 likaoana nayo, ikazaliwa BJ 104. Dume la HB 4 likatoa BK 560. Mama mpya naye akatawala mashamba, na katika miaka ya 1980 BJ 104 ikashindwa na ugonjwa ule ule.

Njia tofauti inaonekana katika HHB 67, iliyoidhinishwa mwaka 1990 huko Haryana na kupendwa kwa kukomaa mapema pale mvua zinapokatika. Badala ya kusubiri iangamie, wataalamu wa Haryana na wa ICRISAT walitia kinga katika wazazi wake wote wawili, 843A na H 77/833-2, huku wa pili akichaguliwa kwa viashiria vya DNA. Mwaka 2005 chotara hiyo iliidhinishwa upya, ikiwa na kinga zaidi bila kupoteza ukomavu wake wa mapema.