Mashine Ifanye Nini, Sisi Tubaki na Nini?

Mwaka 1976, katika maabara za Bell Labs huko Marekani, Steve Johnson alipoteza asubuhi nzima akisaka kosa ambalo tayari alikuwa amelirekebisha. Maandishi ya programu yake yalikuwa sawa kabisa. Shida ni kwamba faili moja haikuwa imejengwa upya, kwa hiyo kompyuta iliendelea kutumia ile ya zamani. Akaenda ofisini kwa mwenzake, Stuart Feldman, akiwa amewaka. Kumbe Feldman naye alikuwa amesumbuka hivyo hivyo jioni iliyotangulia. Wikendi hiyo akaandika Make.

Make haina maajabu. Unaiambia faili gani inategemea gani, nayo inaangalia ipi imebadilishwa karibuni, kisha inajenga upya zinazohitajika tu. Lakini Feldman aliweka sharti kwamba mistari ya amri ianze na alama ya tabu. Baada ya wiki chache aliona hilo ni kosa, ila alishapata watumiaji kama 12, wengi wao marafiki, na hakutaka kuwavuruga. Mpaka leo madevelopa wanailaani hiyo tabu.

Sasa, ukiuliza tuiachie mashine kiasi gani, wengi watakujibu: yote. Na wana ushahidi. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa dakika 45 hivi. Programu mpya ilikuwa imewekwa kwa mkono kwenye seva 8, na moja ikasahaulika. Hakuna aliyerudi kuhakikisha.

Lakini kuna upande wa pili. Machi 2024, Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungesema ni mtandao tu. Yeye akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili. Uovu ulifichwa kwenye faili za majaribio, na hatua za kujenga programu ndizo zilizouchomeka ndani. Mashine ilitii kila amri, neno kwa neno.

Mimi niliacha chuo, na wengi ninaowajua Nairobi wanaoandika programu walijifunzia kwenye simu na laptopu za kuazima. Tunanakili hatua za kujenga kutoka kwa watu tusiowajua, zikikubali tunasonga. Deni la kazi halingoji.

Ndiyo maana kwangu mpaka uko hapa: mkono unachosahau, kama kile kilichompata Johnson, mpe mashine bila kusita. Lakini zile hatua zenyewe, mstari kwa mstari, lazima kuwe na mtu kwenye timu anayeweza kuzisoma na kueleza kila moja inafanya nini. Kama hayupo, mmeshaachia mashine kupita kiasi.