Kabla ya Mdukuzi Kulikuwa na Mzee na Spana

Mwaka juzi nilipata kibarua cha wiki tatu kwenye kiwanda kimoja huku Changamwe, jina naliweka kando. Kazi yangu ilikuwa kupanga katoni. Kando ya mashine kulikuwa na kompyuta, skrini imejaa vumbi, nenosiri limeandikwa kwa kalamu kwenye selotepu na kubandikwa hapo hapo chini ya skrini. Na kwenye matundu ya kuchomekea flashi kulikuwa na waya za simu. Yaani watu wanachaji. Mimi nami nikangoja zamu yangu, simu ilikuwa asilimia nane.

Siku hiyo sikuwaza kitu. Nimekuja kushtuka baadaye, niliposoma habari ya Natanz.

Natanz ni kituo cha nyuklia cha Iran. Mashine zake hazikuunganishwa na intaneti kabisa, makusudi. Lakini mwaka 2010 ikagunduliwa programu iliyopewa jina Stuxnet, ambayo inaaminika iliingizwa mle kwa flashi. Ilivamia vikompyuta vinavyoongoza mitungi ya kuchuja urani, ikavuruga kasi ya kuzunguka kwake mpaka mitungi ikavunjika, inakadiriwa kama 1,000. Na kumbe muda wote huo skrini zinaonyesha kila kitu kiko shwari. Mafundi wanatazama namba nzuri huku mashine zinakufa.

Sasa mtu ataniambia, Iran na Changamwe wapi na wapi? Hebu nirudi nyuma kidogo.

Mnaonifuata mwajua mimi ni mtoto wa Port Reitz. Babu yangu alikuwa fundi wa vipimo kwenye kile kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi 1963, kikaongezewa mtambo wa pili 1974, na kikaacha kusafisha mafuta 2013. Akisimulia, utadhani anaongelea mwili wa mtu. Mitambo ya enzi zile ilikuwa ikiwasiliana kwa hewa. Mirija myembamba imejaa upepo wa kompresa, presha ikibadilika kidogo, vali kule mwisho inafunga au inafunguka. Mtu wa ng'ambo hangeweza kuingia kwenye mrija wa hewa. Ukitaka kuharibu, lazima upite getini, askari akuone, na uje na spana yako mwenyewe.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, upande wa Kisauni, kilianza kutoa saruji 1954. Ni enzi hiyo hiyo: mikono, masikio, na mtu anayejua mashine yake ikikohoa.

Mambo yalibadilika 1968 huko Marekani. Kampuni ya magari ya General Motors ilikuwa imechoka kubomoa makabati mazima ya waya kila ikibadilisha gari inayotengeneza. Mhandisi Dick Morley na wenzake wakabuni kikompyuta kigumu cha kuongoza mashine, kinachovumilia joto, vumbi na mtetemo. Badala ya kubadilisha waya, unabadilisha maagizo. Kitu safi sana. Ila kikompyuta hicho hakikufundishwa kuuliza "wewe ni nani?" Amri ikifika, kinatii. Na wakati huo haikuwa shida, kwa sababu anayekipa amri amesimama mbele yake na ovaroli.

Halafu mabosi wakataka kuona uzalishaji wakiwa ofisini. Kisha wakiwa Nairobi. Kisha wakiwa Ulaya, kwenye simu. Kampuni inayouza mashine nayo ikataka kuirekebisha kutoka mbali ili isilipie fundi tiketi ya ndege. Waya moja baada ya nyingine, kile kikompyuta kisichojua kuuliza kikajikuta kimeunganishwa na dunia nzima. Hakuna aliyekaa siku moja akaamua hivyo, ilikuja tu pole pole, na kila waya ilikuwa na sababu nzuri.

Wengi wetu tuna dada au binamu Saudia, kwa hivyo hii tusikize vizuri. Agosti 2012, kumi la mwisho la Ramadhani, wafanyakazi wengi wa Aramco wako nyumbani, programu inayoitwa Shamoon ikafuta kompyuta kama 30,000 za kampuni hiyo. Hebu fikiria, 30,000! Lakini mafuta yaliendelea kutoka ardhini, kwa sababu kompyuta za visima zilikuwa mbali na zile za ofisi.

Miaka mitano baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi, huko huko Saudia, kwenye kiwanda cha mafuta na kemikali. Viwanda vya aina hiyo vina kompyuta za usalama ambazo kazi yake ni moja tu: presha ikizidi, zima kila kitu kabla hakijalipuka. Juni 2017 mtambo ukajizima. Mafundi wakadhani ni hitilafu ya kawaida, wakauwasha. Agosti ukajizima tena. Walipochimbua wakakuta programu ngeni, Triton, ndani ya hizo kompyuta za usalama zenyewe. Yaani mtu ameshika breki ya gari. Kilichookoa watu ni kwamba wadukuzi walikosea kwenye programu yao, vifaa vikashtuka na kuzima. Marekani baadaye iliilaumu taasisi moja ya utafiti ya Urusi, ikaiwekea vikwazo 2020.

Kitu kimoja kwenye kisa hicho kinaniuma. Vile vifaa vina ufunguo wa chuma mbele yake. Ukiugeuza upande mmoja, kifaa hakikubali kubadilishwa maagizo hata ukiwa nani. Ufunguo ulikuwa umeachwa upande wa kukubali. Pengine mtu alimaliza kazi, akasahau kuurudisha. Mimi na simu yangu ya asilimia nane namwelewa vizuri sana.

Huku kwetu, kati ya matangi ya mafuta na nyumba za watu kuna ukuta na barabara, basi. Na kiwanda kikiharibu twajua ni nani huumia kwanza. Waulize watu wa Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha madini ya risasi kwenye damu zao. Kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Hapo hapakuwa na mdukuzi yeyote. Ilitosha kiwanda na watu wasioambiwa kitu.

Si mafuta peke yake. Yale makontena ya Maersk unayoyaona kila siku yakipita Kibarani, kampuni yao ilianguka 27 Juni 2017. Programu ya NotPetya ilianzia Ukraine, kwenye programu ya hesabu za kodi, ikasambaa hadi malori yakajipanga nje ya bandari za nchi kadhaa bila kujua kontena lipi ni la nani. Hasara ilikaribia dola milioni 300. Nakala zote za ile seva inayojua nani ni nani ndani ya kampuni zilifutwa dunia nzima, isipokuwa moja. Iko wapi? Ghana. Stima ilikuwa imepotea pale ofisini, seva ikazimika, virusi vikaikosa. Kampuni kubwa ya Denmark iliokolewa na giza la Afrika, na sisi hapa tunatukana kila stima ikienda. (Ingawa sisi yetu ya Juni 2016, tumbili kuangukia transfoma ya Gitaru na nchi nzima kuzimika, hiyo sioni imeokoa nini.)

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Norsk Hydro, kampuni ya alumini ya Norway. Machi 2019 kompyuta zao zilifungwa na wadukuzi wanaodai pesa. Wakakataa kulipa. Baadhi ya viwanda vikaendelea kwa mkono, kwa karatasi, na wastaafu wakarudi kusaidia kwa sababu wao ndio walikumbuka jinsi kazi ilivyofanywa kabla ya skrini.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Serikali ikisema usalama wa mtandao, sisi hukumbuka Julai 2023, eCitizen ilipokwama na kununua tokeni za stima kukawa shida. Ile ilikuwa watu wanagonga mlango kwa fujo mpaka wenyeji washindwe kupita. Kuingia ndani na kushika vali ni jambo lingine kabisa, na hatulizungumzii. Bomba la mafuta la kwenda Nairobi linaanzia hapa Changamwe tangu 1978. Wamarekani bomba lao la Colonial lilifungwa siku kadhaa Mei 2021, na wadukuzi walikuwa wamegusa kompyuta za ofisi tu, kwa nenosiri la akaunti ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga.

Sasa Dongo Kundu, upande wa Likoni, vinakuja viwanda vipya, na hivyo vitazaliwa vikiwa vimeunganishwa. Kwenye vikao vya wananchi tunauliza ajira ngapi, na ni haki yetu. Tuulize pia: skrini ikidanganya, nani ataizima hii mashine kwa mkono, na analala umbali gani kutoka hapa? Hiyo nayo ni ajira. Haiwezi kuwa ya kibarua wa wiki tatu.

Wiki yangu ya mwisho pale kiwandani skrini iliganda mashine ikiwa bado inakwenda. Msimamizi akaanza kupiga simu. Akaja mzee mmoja wa zamu, hana haraka, akapita nyuma ya mashine, akafunga kitu kwa spana, kelele ikashuka. Wakati wa chai nikamuuliza, mzee, na wewe ukistaafu? Akaniambia anastaafu Disemba, na hajaletewa mtu wa kumfundisha.