Embu–Meru (umbali na muda wa safari)

Embu na Meru ni miji ya miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Kwa mstari ulionyooka inatenganishwa na takriban kilomita 70, lakini barabara ya lami inazidi 100, na matatu huchukua saa mbili hadi tatu ikipitia Runyenjes, Chuka na Nkubu.

Sababu ni mito. Thuci, Nithi, Mutonga na mingine hushuka kutoka mlimani kuelekea Tana, kila mmoja ukiwa umechimba bonde lake, na barabara inayakata mabonde hayo moja baada ya jingine: mteremko, kona, daraja, kisha mlima. Daraja la Nithi ndilo linaloogopwa zaidi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Dereva anayeshuka bonde lile hana haki ya kuharakisha.

Embu iko takriban nusu digrii kusini mwa Ikweta, Meru kaskazini yake kidogo. Mstari huvukwa kabla tu ya kuingia Meru, penye kibao cha kando ya barabara.

Ndege ndogo ya mwendo wa kilomita 280 kwa saa ingetumia kama dakika 15 angani. Hata hivyo, hata miraa ya milima ya Nyambene, inayofungwa kwa majani ya mgomba isinyauke, hushuka Nairobi kwa pikapu kupitia barabara hiyohiyo.